Kitabu kimeniharibia albamu niliyoipenda?

"Shikamoo fundi. Nina miaka 31. Baba alipofariki mwaka juzi, binamu yangu alinipa albamu ya bendi ya Pink Floyd, The Dark Side of the Moon. Sikuwa mtu wa rock kabisa, lakini ule wimbo wa mwanamke anayelia bila maneno, The Great Gig in the Sky, ulinishika. Nikawa nausikiliza kila usiku, nikiamini ni maombolezo ya mtu aliyefiwa kama mimi. Mwezi uliopita, kwenye vitabu vya mitumba, nikapata kitabu kinachoeleza albamu hiyo ilivyotengenezwa na maana yake. Nimefika katikati. Nimejua kwamba yule mwanamke aliitwa kazini siku ya Jumapili, akalipwa pauni 30, wala hakuwa shabiki wa bendi. Zile saa za ukutani zilizokuwa zikinishtua, kumbe zilirekodiwa kwa kazi nyingine. Sasa nikisikiliza nasikia wembe na gundi za kukatia na kuungia kanda tu, machozi hayaji. Rafiki yangu naye anasema kitabu kimeficha siri yenyewe, kwamba albamu ilitungwa ifuatane na filamu ya The Wizard of Oz. Nimalize kitabu au nikiweke? Na maana ya kweli ni ipi, yangu au ya kitabu? Nasikiliza kwa hedifoni, sauti juu kabisa, ili nisikose kitu anachokitaja mwandishi, na siku hizi masikio yanapiga mluzi nikilala."

Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa msiba wa baba. Nianze na lile ulilolitupia mwishoni kama jambo dogo: leo usiku usivae hedifoni. Nitalirudia hilo baadaye. Sasa tuzungumze kitabu.

Nikikusoma vizuri, hukukasirishwa na kitabu. Unaona ulidanganywa. Ulikuwa na mwenzako wa kulia naye saa nane za usiku, halafu kitabu kikakuambia mwenzako alikuwa kazini. Hilo linauma, na sitalicheka. Ila naomba turudi kwenye chumba chenyewe, maana nadhani umesoma pauni 30 ukaruka yaliyobaki.

Ni Januari 1973, studio za EMI pale Abbey Road, London. Albamu iko karibu kwisha. Kuna kipande cha Richard Wright, mpiga kinanda, chenye piano nzuri ajabu lakini hakina mtu wa kukisemea. Mwaka uliotangulia walikuwa wakikipiga jukwaani kwa ogani, huku kanda za masomo ya Biblia zikisikika juu yake, na wenyewe walikiona ni kipande cha mauti. Alan Parsons, fundi wao wa sauti, akamkumbuka mwimbaji wa kukodi aitwaye Clare Torry, binti wa miaka 25. Jumamosi alikuwa na tiketi ya kumtazama Chuck Berry, kwa hiyo wakapatana Jumapili. Alipofika akaambiwa hakuna maneno wala melodi ya kufuata, afikirie kifo na vitisho vyake. Akajaribu "oh baby" mbili tatu kama walivyozoea waimbaji wa siku zile. Wakamkatalia. Hapo akaamua kujifanya chombo cha muziki badala ya mwimbaji. Akaimba mara mbili, ya tatu akaikatisha njiani mwenyewe kwa kuona ameanza kujirudia. Akaenda zake akidhani hawatazitumia zile kelele. Alikuja kujua alipoiona albamu dukani na jina lake limeandikwa humo.

Sasa wewe niambie. Mtu anawekwa mbele ya maikrofoni, ananyang'anywa maneno, ananyang'anywa melodi, anaachiwa neno moja tu, kifo. Alichokitoa hapo atakuwa amekichota wapi kama si ndani yake? Zile pauni 30 zilikuwa malipo ya Jumapili, mara mbili ya siku ya kawaida, na zilimtoa nyumbani zikamfikisha studio. Zaidi ya hapo hazikuimba. Mwimbaji wa taarab naye hamjui bibi harusi. Amekodiwa, pesa ya mafuta ya gari imejadiliwa tangu juzi, na bado kuna mama anainuka kutoka safu ya nyuma, anakwenda kumtunza huku machozi yanamtoka, kwa sababu ule ubeti umemkuta yeye. Hakuna anayemwambia yule mama kwamba amedanganywa.

Kuna jambo jingine kuhusu huyu dada. Fungua kurasa za mwanzo utazame kitabu chako kilichapishwa mwaka gani. Mwaka 2004 Clare Torry alikwenda mahakamani kudai sehemu yake ya utunzi, na 2005 wakamalizana nje ya mahakama. Tangu hapo wimbo ule unaandikwa kuwa ni wake na wa Wright. Kitabu cha kabla ya hapo kitakuachia picha ya kibarua aliyepita njia. Cha baadaye kitakueleza kwamba alihesabiwa mtunzi. Vitabu vya mitumba ni vizuri kwa bei, lakini habari zake husimama mwaka vilipochapwa.

Nije kwenye wembe na gundi. Mimi nimekuwa fundi mitambo tangu tukikata kanda kwa mkono, kwa hiyo hiki kilichokukatisha tamaa ndicho kilichonipa ugali. Chukua Money, wimbo wenye sauti za sarafu na mashine ya kuhesabia fedha dukani. Leo kijana anaziburuta sauti hizo kwenye kompyuta ndani ya dakika tano. Mwaka 1972 Roger Waters, mpiga besi wao na mwandishi wa maneno yote ya albamu, alikuwa akitupa sarafu ndani ya bakuli kubwa la mkewe la kazi za ufinyanzi, akirekodi. Sauti saba zikachaguliwa: sarafu, karatasi inayochanwa, droo ya mashine inayofunguka na kadhalika. Kila moja ikakatwa kipande cha kanda, na vipande vikapimwa kwa rula ili vilingane. Kwa nini rula? Kwa sababu kwenye kanda muda ni urefu. Tuseme kanda inakwenda sentimita 38 kwa sekunde, na wimbo una mapigo 120 kwa dakika. Pigo moja ni nusu sekunde, yaani sentimita 19 za kanda. Mapigo saba ni sentimita 133. Ukikosea milimita tatu kwenye kipande kimoja, haisikiki. Ukikosea kwenye vyote saba, mpiga dramu atakutafuta.

Unakilaza kipande kwenye kibao chenye mfereji, unakata kwa mshazari, unagusanisha ncha, unabandika kijitepu mgongoni, unasugua kwa ukucha mpaka kibofu cha hewa kitoke. Kisha unaunga mwanzo na mwisho ili kanda iwe duara, na kwa kuwa duara la zaidi ya mita moja halitoshi kwenye mashine, unalizungushia kwenye mguu wa stendi ya maikrofoni, mtu ameishika isiyumbe. Mimi niliwahi kuishika stendi namna hiyo nusu saa nzima, nikapiga chafya, tukaanza upya. (Kwa kweli aliyepiga chafya hakuwa mimi, lakini lawama nilibeba mimi.)

Na ni saba, si nne. Nyimbo nyingi tunazozijua zinahesabika kwa nne: moja, mbili, tatu, nne. Jaribu kupiga makofi ya nne kwenye Money, utajikuta unaanguka kila mzunguko, kama mtu anayeshuka ngazi na kukuta imepungua moja. Saksafoni ya Dick Parry inapita juu ya hiyo saba. Kisha David Gilmour anapoingia na gitaa la solo, wimbo mzima unahamia kwenye nne, na mwili wako unapumua kabla hujajua kwa nini. Huko kupumua ulikuwa nako tangu zamani. Kitabu kimekupa sababu yake tu.

Hapa ndipo penye shida yako hasa. Sikio la kawaida husikia wimbo kama kitu kizima. Ukijulishwa kwamba ndani yake kuna vipande, akili huanza kuwinda vipande: hapa saa, hapa mapigo ya moyo (ambayo ni dramu ya mguu iliyofunikwa kwa kitambaa), hapa mtu anacheka. Ukiwa mawindoni huwezi kulia. Kila mwanafunzi niliyemfundisha kumiksi, yaani kuchanganya sauti zilizorekodiwa ziwe wimbo mmoja, alinijia baada ya miezi michache akiniambia hasikilizi tena muziki, anasikiliza spika. Wengi ilipita. Vipande vikishazoeleka havina tena haja ya kuwindwa, na wimbo unarudi mzima. Kinachochelewesha ni hilo unalolifanya, kitabu mkono mmoja na hedifoni kichwani, kila usiku, kama mtu anayekagua stoo.

Uliniuliza maana ya kweli ni ipi. Vitabu vya namna hii huchanganya mambo ya uzito tofauti kwenye ukurasa mmoja, na msomaji huyameza yote kwa imani moja. Mwandishi akisema albamu ilirekodiwa Abbey Road kati ya katikati ya 1972 na mwanzo wa 1973, kwa kanda ya traki 16, yaani njia 16 za kurekodi sauti mbalimbali, hilo lina karatasi za studio na kanda zenyewe za kulishuhudia. Akisema fulani alimwambia fulani vile usiku ule, hiyo ni kumbukumbu, na kumbukumbu za wanamuziki, mimi nikiwa mmoja wa mashahidi, zina mwangwi mwingi. Mfano uko humo humo kwenye albamu yako. Wanasimulia kwamba wakati wa kumiksi palikuwa na mvutano: Waters akitaka sauti kavu na wazi, Gilmour akitaka laini zaidi na mwangwi, ikabidi aitwe mtayarishaji wa muziki Chris Thomas aje kuamua. Wenyewe wawili wamelisema hilo. Thomas, mwamuzi mwenyewe, alipoulizwa baadaye akasema hakumbuki tofauti yoyote kati yao, wala hakumbuki hata mara moja Waters akitaka mwangwi upunguzwe. Chumba kimoja, watu watatu, na hakuna aliye na sababu kubwa ya kusema uongo. Mwandishi mzuri atakuwekea zote. Mwandishi mvivu atachagua ile inayonoga.

Halafu kuna maana. Hapo mwandishi anakupa anavyosikia yeye, hata kama anaandika kama hakimu. Tunachokijua kutoka kwa wenyewe ni kwamba Waters alitaka albamu nzima iwe juu ya mambo yanayomsukuma binadamu mpaka apoteze akili: muda, fedha, vita, kifo. Baba yake aliuawa Anzio, Italia, mwaka 1944, yeye akiwa mtoto wa miezi mitano. Na rafiki yao Syd Barrett, aliyeianzisha bendi na kuitungia nyimbo zake za kwanza, aliharibikiwa na akili wakaachana naye 1968. Albamu haikuzungumzia safari za anga, ingawa jina linawapoteza wengi. Kwetu mtu akianza vituko tunauliza kama mwezi mchanga umeandama. Waingereza nao wana imani ya aina hiyo, tofauti ni kwamba wao wanaulaumu mwezi mpevu, na neno lao la zamani la mwendawazimu limetokana na jina la mwezi kwa Kilatini. Kwa hiyo upande wa giza wa mwezi ni upande wa kichwa cha mtu usioonekana.

Mwisho kabisa wa albamu, mapigo ya moyo yanapofifia, kuna mtu anasema kwamba mwezi hauna upande wa giza, kwa kweli wote ni giza. Huyo ni Gerry O'Driscoll, bawabu wa studio. Waters aliandika maswali kwenye kadi, akawakalisha watu waliokuwapo jengoni, mafundi, wabeba vyombo, bawabu, akawauliza mara ya mwisho walipigana lini, na kama walikuwa na haki, na kama wanaogopa kufa. Hata mwanamuziki maarufu Paul McCartney, aliyekuwa akirekodi jengo hilo hilo, aliulizwa, lakini majibu yake yakaachwa. Ya bawabu yakaingia. Na sauti ya mwanamume unayoisikia mwanzoni mwa wimbo wako, inayosema haogopi kufa, wakati wowote inafaa, ni ya bawabu huyo huyo.

Kwa hiyo wimbo ulioutumia kumwaga machozi ya baba unaanza na mtu wa kawaida akijibu swali la kifo, juu yake mwimbaji aliyeambiwa afikirie kifo, chini yake piano ya kipande walichokitunga kwa ajili ya mauti. Ulisikia maombolezo. Sioni ulikokosea. Ulipokosea ni kudhani lazima mwombolezaji awe na msiba wake wa siku hiyo. Sisi tuliokulia kwenye mafumbo ya taarab na maandishi ya kanga hatupaswi kupata taabu hapa. Aliyeandika jina la kanga hajui mama yako alimnunulia jirani yupi, na bado jirani amejua.

Rafiki yako mwambie hivi kuhusu The Wizard of Oz. Albamu ni dakika 43, filamu ya 1939 inapita dakika 100, kwa hiyo wanaoijaribu hulazimika kuirudia albamu tena na tena. Studio ile mwaka 1972 haikuwa na mashine ya video ya kuichezea filamu wakati wa kurekodi, na Parsons na wanabendi wamekana mara nyingi. Yanayogongana tunayashangilia, yasiyogongana hatuyahesabu. Achukue video ya harusi ya ndugu yake yeyote, aizime sauti, aweke albamu. Nina hakika Money itaanza mtu akitunzwa.

Kumaliza au kukiweka? Mimi ningekimaliza, lakini si sasa. Kiweke wiki tatu au nne, na albamu nayo uipumzishe. Kisha soma sura moja ufunge kitabu, na usiwashe kitu usiku huo. Kuna faida mbele yako: kwa mfano, Us and Them ilianza kama piano ya Wright kwa ajili ya filamu ya Zabriskie Point, mwongozaji akaikataa, ikakaa kabatini mpaka albamu hii. Ukiisikia tena ukijua ilikataliwa, inapendeza zaidi, angalau kwangu. Ila kama ule wimbo mmoja ndio uliokuwa msiba wako, una haki ya kuiruka sura yake. Hakuna mtihani. Na kama usingizi bado hauji karibu miaka miwili baada ya mazishi, hilo si la kumuuliza fundi mitambo. Tafuta mshauri nasaha hospitalini, au kaa na mtu mzima wa familia aliyemjua baba, umtaje kwa jina lake.

Sasa masikio. Mluzi huo si wa kwenye kanda. Ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo vinavyopokea mtikisiko wa sauti. Vikichoshwa hulala, vikipigwa kila siku hufa, na vikifa havioti upya. Kwa kipimo wanachotumia wa usalama kazini, sauti ya desibeli 85 inavumilika saa nane kwa siku. Kila inapoongezeka desibeli tatu, muda unakatwa nusu: 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili. Hedifoni ikiwa juu kabisa inaweza kufika 100, na hapo umebakiwa na robo saa, wakati albamu yako ni dakika 43. Wala huhitaji sauti juu ili usikie vitu vidogo. Kaa chumba kimya mchana, tumia spika, sauti iwe ya kiasi ambacho mtu akikuita mlangoni unamsikia. Mafundi wazuri humiksi chini chini, kwa sababu sauti kubwa hukifanya kila kitu kionekane kizuri.

Pumzisha masikio siku mbili tatu. Mluzi usipoondoka, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo akupime usikivu. Sikio moja likizibika ghafla au ukipata kizunguzungu, usisubiri, nenda siku hiyo hiyo. Ukifika, mwambie ukweli ulikuwa unasikiliza saa ngapi kwa siku na kitufe cha sauti ulikiweka wapi. Mimi wangu nilimficha nikamwambia ni mafua, akanipa dawa ya mafua, na sikio langu la kushoto mpaka leo halisikii matoazi vizuri.